Jaketi la manyoya ya bata: kulifua ni kazi ndogo, kulikausha Nairobi ndiyo kazi

Swali huja karibu kwa maneno yale yale. Mtu ameshuka Mlima Kenya, jaketi lake la manyoya ya bata limeshika jasho, vumbi na moshi, akalifua. Kabla ya kuingia majini lilikuwa limefura. Sasa ni kitambaa kinachoning'inia, na ndani yake kuna madonge madogo yaliyojikusanya chini ya kila kichumba, yaani kifuko kilicho kati ya mishono. Limeanikwa siku mbili na bado liko vile vile. Je, limekwisha?

Mara nyingi halijakwisha, bado lina maji. Kitambaa cha nje hukauka upesi mno. Ukikipapasa unaamini kazi imeisha, kumbe katikati ya kila donge kuna unyevu. Hapo ndipo vifaa vizuri vinapopotea. Wengine huvitoa kwa bei ya kutupa. Wengine huvikunja na kuvirudisha kabatini hivyo hivyo, na baada ya wiki chache vinatoa uvundo ambao hauishi kwa kupuliziwa manukato. Mfuko wa kulalia wa manyoya ukitunzwa humtumikia mtu miaka mingi sana, na huniuma kuona umeharibika kwa sababu ya haraka ya siku mbili.

Kwa hiyo nianze na neno ninalotaka likumbukwe kuliko mengine yote: amua utakaushaje kabla hujagusa maji. Sabuni, beseni na mashine ni mambo mepesi ukiyalinganisha na kukausha, hasa katika jiji hili ambako nyumba nyingi hazina mashine ya kukaushia, na Julai mawingu yanaweza kukaa juu ya paa siku baada ya siku.

Kilichomo ndani

Bata ana manyoya ya aina mbili yanayotuhusu hapa. Ya nje yana uti katikati, ni bapa, na humkinga na maji na upepo. Chini yake, kifuani na tumboni, kuna vinyoya laini visivyo na uti: nyuzi nyembamba mno zinazotoka kwenye kitovu kimoja na kutawanyika kila upande. Nyuzi hizo hukamata hewa na kuizuia isitembee. Hewa iliyotulia ndiyo inayokupa joto, na kazi ya vinyoya ni kuishikilia tu. Jaketi likipoteza unene limepoteza joto, hata kama hakuna kinyoya kimoja kilichotoka.

Ndiyo maana ubora wa vinyoya hupimwa kwa nafasi vinavyoweza kujaza. Lebo ikisema 800, maana yake ni kwamba aunsi moja ya vinyoya hivyo, yaani gramu 28 hivi, ikiachwa ifure ndani ya silinda ya kupimia hujaza inchi za ujazo 800. Hizo ni kama lita 13. Gramu 28 tu, na zimejaza zaidi ya nusu ya mtungi wa lita 20. Majaketi ya bei nafuu huwa ya 550 au 600, na bado yana joto la kutosha Nairobi na hata mlimani. Ila yanahitaji vinyoya vingi zaidi, kwa hiyo ni mazito kidogo.

Sasa tia maji. Nyuzi zile hushikamana, kwa sababu maji huvutana yenyewe kwa yenyewe na kuzivuta nyuzi pamoja nayo. Kinyoya kilichokuwa na ukubwa wa shilingi huwa punje. Punje mia zikikutana pembeni mwa kichumba, hilo ndilo donge unaloliona. Hakuna kilichovunjika. Maji yakiondoka yote na donge likachambuliwa, nyuzi hutengana na kusimama tena.

Kinachoua vinyoya taratibu ni uchafu: mafuta ya mwili, jasho, mafuta ya kujipaka, masizi. Hivi hukaa juu ya nyuzi na kuzifanya zinate hata zikiwa kavu. Kuna wapanda mlima wanaoapa kwamba jaketi la manyoya halifuliwi kamwe, nao huvaa lile lile miaka mingi mpaka ukosi unakuwa mweusi na kifua kimelala. Sikubaliani nao. Jaketi kama hilo likifuliwa vizuri na kukaushwa vizuri hufura kuliko lilivyokuwa siku moja kabla ya kufuliwa, na mwenye kulivaa huhisi tofauti usiku wa kwanza wa baridi.

Hii haina maana kwamba ulifue kila safari. Mfuko wa kulalia unaotoka mara chache kwa mwaka, na ambao mwenyewe hulala ndani yake akiwa na shuka jepesi la kujifunika, unaweza kukaa miaka kadhaa bila kufuliwa. Jaketi linalovaliwa kila asubuhi ya Juni hadi Agosti kwenye matatu ni jambo jingine. Hilo lifue baada ya msimu.

Kwanza hakikisha ni bata

Majaketi mengi yaliyofura tunayoyaona mjini, pamoja na yale ya waendesha boda, hayana manyoya kabisa. Ndani yake ni polyesta. Hayo fua kwa maji ya baridi au vuguvugu, yaanike, na usiwe na wasiwasi; polyesta haifyonzi maji na hukauka mapema.

Lakini kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi majaketi ya bata wa kweli yapo, na mengine ni kamera, yaani yale ya daraja la kwanza yanayochaguliwa kabla mtumba haujamwagwa. Kwa kuwa hutoka nchi nyingi, lebo huja kwa lugha nyingi. Kijerumani huandika Daunen kwa vinyoya na Federn kwa manyoya yenye uti. Kifaransa huandika duvet na plumes. Kiitaliano huandika piumino na piuma. Ukiona namba kama 90/10 au 80/20, ya kwanza ni asilimia ya vinyoya laini na ya pili ni ya manyoya yenye uti. Lebo ikiwa imekatwa, tumia vidole. Bana kichumba kimoja na ukisugue polepole: bata atakupa ncha ndogo ndogo za uti hapa na pale, na vitu vilivyomo vitakimbia chini ya vidole, polyesta huwa ni tabaka moja lisilohama. Kukiwa na unyoya unaochungulia kwenye mshono, uchome kwa kiberiti mbali na jaketi. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu, ni unyoya. Ukiyeyuka ukawa tone gumu, ni plastiki.

Usikate tamaa kwa jaketi la mtumba lililolala kama gazeti. Limekaa miezi chini ya mgandamizo wa beli. Likung'ute, liache wazi siku nzima, halafu ndipo ulihukumu.

Soma pia alama za lebo. Beseni lenye namba 30 ni joto la juu la maji. Mraba wenye duara ndani ni ruhusa ya mashine ya kukaushia, na nukta moja ndani yake ni joto la chini. Duara peke yake linahusu ufuaji wa dawa kwa dobi. Lebo ikiruhusu kufua kwa maji, mimi hushauri maji. Dawa za dobi huondoa uchafu wa mafuta, lakini huondoa na mafuta machache ya asili ambayo kinyoya kinayahitaji ili kisikauke na kukatika.

Sabuni, na maji yenyewe

Kinyoya kimeumbwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele na kucha. Kumbuka hilo na hutahitaji kukariri orodha ya makatazo. Jiki hula protini, kwa hiyo haiingii hapa. Sabuni nyingi za unga zina alkali kali, na baadhi zina vimeng'enya vilivyotengenezwa mahususi kuvunja madoa ya protini kama damu na maziwa. Hakuna sababu ya kuvikaribisha kwenye kitu ambacho chenyewe ni protini. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando juu ya nyuzi, nazo hushikana. Utando huo ndio tuliokuwa tunaukimbia.

Iliyo bora ni sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya manyoya, kama za Nikwax au Grangers, na kichupa kimoja hutosha mafuo kadhaa. Ukiikosa, tumia sabuni ya maji isiyo kali, ile ya sufu au nguo laini, kidogo sana: vijiko viwili vya chakula kwa beseni kubwa. Sabuni ya kipande naiacha kwa ajili ya nguo nyingine. Kwenye maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua povu hutoka bila shida, lakini kwenye maji ya kisima yenye chumvi, yale yanayokataa povu, sabuni ya kipande huungana na madini na kuacha takataka nyeupe ndani ya vichumba, mahali ambapo hakuna mswaki utakaofika.

Kisha hesabu maji uliyo nayo. Mfuko wa kulalia ukisuuzwa mara nne kwenye beseni la lita 40 umekula lita 160, yaani mitungi minane, na hapo hujahesabu maji ya kufulia. Katika mtaa wenye mgao wa maji, kuanza kazi hii siku ambayo mfereji umekauka ni kujitia taabuni, maana sabuni isiyosuuzwa ni mbaya kuliko uchafu ulioutoa. Ngoja siku ya maji.

Kufua

Kama una mashine inayofunguka mbele na jaketi lina nafasi ya kugeuka ndani yake, kazi ni nyepesi. Futa droo ya sabuni, maana huwa na mabaki ya sabuni ya unga. Weka mzunguko wa nguo laini, nyuzi joto 30, ongeza duru moja au mbili za kusuuza, kisha likamue kwa mwendo wa chini mara mbili. Mashine inayofunguka juu yenye nguzo ya kusukasuka katikati usiitumie. Ile nguzo hukamata kitambaa na kupasua kuta za vichumba. Walio na zile za mapipa mawili, ambazo ziko katika nyumba nyingi hapa, fueni kwa mkono na mtumie pipa la kukamulia peke yake, jaketi likiwa ndani ya mfuko wa neti na limepangwa kuzunguka pipa ili lisipige kelele upande mmoja.

Kwa mkono, anza na ukaguzi. Toa vitu mifukoni, funga zipu na velkro. Tundu lolote lizibe kwa kipande cha utepe wa kubandika. Unyoya ukichungulia usiuvute nje, kwa sababu utatoka na wenzake na kuacha tundu. Ushike kwa upande wa ndani ya kitambaa na kuurudisha. Sugua ukosi na ncha za mikono kwa mswaki laini na tone la sabuni, hapo ndipo mafuta ya mwili yalipo.

Kulizamisha kuna namna yake. Kitambaa hiki kimefumwa kwa ukaribu sana ili vinyoya visipenye. Mkemia George Finch, alipokwenda Everest na msafara wa Waingereza mwaka 1922, alivaa koti la vinyoya vya bata wa baharini lililoshonwa kwa kitambaa cha puto, na alichagua vyema: kitambaa kinachozuia hewa huzuia na kinyoya. Lakini sifa hiyo hiyo hufanya jaketi lielee. Ukilisukuma upande huu linafura upande ule, na mtu akikasirika huanza kulikandamiza kwa nguvu mpaka mshono unatoa sauti. Fanya hivi: lisokomeze likiwa kavu ndani ya mfuko wake mdogo wa kubebea, zamisha mfuko mzima chini ya maji yenye sabuni, halafu fungua mdomo wa mfuko na kulivuta litoke polepole huko huko chini. Likifunguka hunyonya maji badala ya hewa. Viputo vichache vitapanda, kisha litatulia.

Liache nusu saa. Libonyeze kwa viganja, achia, bonyeza, achia. Usilisugue kitambaa kwa kitambaa, usilisokote. Maji yatageuka rangi ya chai, na kwa jaketi lililoshika moshi mwingi yatakuwa meusi; yamwage, rudia. Kusuuza ni hadi maji yanayotoka yawe maangavu na ukibonyeza usione povu hata jembamba.

Ikiwa anayekufulia ni mama fua, usimwachie bila neno. Yeye amezoea kusokota nguo mpaka tone la mwisho, na ndivyo kazi yake inavyotakiwa kwa jinzi na mashuka. "Mama, hili usilikamue, liache kwenye beseni nitalitoa mwenyewe," inatosha.

Kulitoa ndiko kwenye hatari kubwa zaidi ya siku nzima. Vinyoya vilivyolowa ni vizito mno, na ndani ya mifuko ya kulalia mizuri vichumba vimetenganishwa kwa kuta za neti nyembamba. Ukikamata shingo na kuvuta juu, uzito wote unaning'inia kwenye neti hizo. Zikikatika, vinyoya huhama na kujazana sehemu moja, nawe hutaona kwa nje kilichotokea ila utabaki na sehemu tupu mgongoni. Kwa hiyo mwaga maji kwanza, libonyeze likiwa limelala chini ya beseni, kisha pitisha mikono yote miwili chini yake na kulibeba kama mtoto aliyelala. Lilaze juu ya taulo nene, likunje pamoja na taulo, bonyeza kwa magoti. Badilisha taulo, rudia. Kila tone linalotoka hapa ni saa iliyopungua kwenye kuanika.

Kukausha

Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Jua likitoka ni kali, lakini halitoki sawa mwaka mzima. Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi hii: hewa kavu, alasiri zenye jua. Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti hakuna mvua kubwa lakini kuna mawingu na ubaridi, na nguo za kawaida tu huchukua siku mbili. Oktoba hadi Desemba ni mvua za vuli. Wapandaji hupenda kwenda Lenana, kilele cha Mlima Kenya, Januari na Februari, na tena Julai hadi Septemba. Anayerudi Februari afue mara moja. Anayerudi Julai, kama hana mashine ya kukaushia, nashauri asifue kabisa: alipunge upepo siku mbili, afute ukosi kwa kitambaa chenye sabuni, alihifadhi likiwa limefunguliwa, angoje jua la Septemba. Uchafu wa miezi miwili hauna madhara makubwa. Unyevu wa wiki moja unayo.

Njia ya mkato ni maduka ya kufulia yenye mashine kubwa za kukaushia, ambayo sasa yapo mitaa mingi. Nenda mwenyewe ukae pale. Mashine nyingi za biashara zimewekwa moto wa kukausha taulo za hoteli, na nailoni nyembamba hujikunja na kushikana kabla hata haijayeyuka. Omba joto la chini kabisa. Baada ya dakika tano fungua mlango na kuweka kiganja kwenye pipa: kama huwezi kukiacha hapo, ni moto mno. Tia ndani mipira miwili au mitatu ya tenisi iliyovishwa soksi nyeupe safi ili rangi yake isihamie. Hiyo hupiga madonge yakiwa yanazunguka. Kila nusu saa simamisha, toa, chambua madonge kwa vidole, rudisha. Jaketi hutaka saa moja hadi mbili. Mfuko wa kulalia unaweza kutaka saa nne. Mhudumu atakwambia mapema kwamba limekauka, kwa kuwa anashika kitambaa. Mwombe aongeze duru nyingine na ulipie.

Nyumbani bila mashine inawezekana kabisa, ila ni kazi ya siku tatu au zaidi na haitaki kusahauliwa. Usilitundike kwenye kamba likiwa limelowa. Maji na vinyoya vyote vitashuka chini ya kila kichumba na kukaukia huko. Lilaze. Kiango cha nguo kilicho bapa kinafaa, au neti kuukuu ya mbu iliyotandazwa juu ya kamba mbili, ili hewa ipite juu na chini. Lianike kuanzia saa nne asubuhi umande ukishaondoka, na uliingize ndani saa kumi na moja jioni, kwa sababu hewa ya usiku hapa ina unyevu na itarudisha sehemu ya ulichokitoa mchana. Kwa wanaoanika juu ya ghorofa kuna sababu ya pili ya kuliingiza, na kila mpangaji anaijua.

Kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua kali. Miale ya jua katika mwinuko huu hudhoofisha nailoni nyembamba na kufifisha rangi. Saa moja au mbili za jua, ndani ikiwa nje, hazina neno.

Siku ya kwanza utakuwa unaondoa maji tu: ligeuze kila saa moja, na bonyeza chini ya kila kichumba. Siku ya pili ndipo kazi ya vidole inapoanza. Shika kichumba kimoja, tafuta donge kwa kidole gumba na cha shahada. Litakuwa na ukubwa wa punje ya kunde au zaidi, na baridi kidogo kuliko kitambaa kinacholizunguka. Ubaridi huo ni maji yanayoendelea kukauka. Usilivute kwa nguvu. Lisugue kati ya vidole kwa duara, kisha livute pande mbili taratibu mpaka uhisi limelegea na kutawanyika. Nenda kwa linalofuata. Kitambaa kikiwa cha rangi nyepesi, kiinue kuelekea dirishani na madonge yataonekana kama madoa meusi, na kati yake sehemu tupu zinazopitisha mwanga. Jaketi lote huchukua nusu saa hivi, na ni kazi unayoweza kufanya ukisikiliza redio. Rudia asubuhi, mchana, jioni. Kila duru madonge hupungua na kuwa madogo.

Kukiwa na mawingu, tumia feni. Iweke ipulize chini ya kiango, dirisha likiwa wazi kidogo ili hewa yenye unyevu itoke. Kikausha nywele kwenye joto la chini, kikiwa mbali na kitambaa na hakikai mahali pamoja, husaidia donge sugu. Jiko la makaa usilikaribishe hata kama stima imepotea na baridi imezidi: cheche moja hutoboa nailoni, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua watu kila msimu wa baridi.

Vinyoya vibichi vina harufu, kama ya mbwa aliyenyeshewa. Ni ya kawaida na huisha vikikauka. Ile ya uvundo ni tofauti. Ukiisikia, fua tena na ukaushe kwa haraka zaidi, usijaribu kuificha.

Sasa swali kubwa: utajuaje limekauka? Mkono hudanganya. Mizani haidanganyi. Kabla ya kufua, liweke jaketi kavu kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu zake kwenye simu. Baada ya kukausha, lipime tena. Kama lilikuwa gramu 420 na sasa ni 465, una gramu 45 za maji zilizojificha ndani, hata kama kila kichumba kinaonekana kimefura. Endelea. Likifika 420 au chini kidogo, kwa sababu uchafu nao ulikuwa na uzito, umemaliza. Siku ya mvua linaweza kuzidi kwa gramu chache kwa kuwa keratini hunyonya unyevu wa hewani yenyewe, hizo zisikusumbue. Mfuko wa kulalia uweke ndani ya beseni tupu juu ya mizani, kisha toa uzito wa beseni. Sijui njia nyingine rahisi inayoondoa shaka hivi, na nashangaa haifundishwi zaidi.

Hata mizani ikiridhika, liache wazi chumbani siku moja zaidi.

Baada ya hapo

Mara nyingi jaketi safi hurudi kufukuza matone ya mvua lenyewe, maana uchafu ndio uliokuwa unayashika. Kama bado linalowa, nyunyizia dawa ya kuzuia maji kwa nje tu.

Usilihifadhi ndani ya ule mfuko mdogo wa kubebea. Huo ni wa safari. Jaketi litundikwe. Mfuko wa kulalia utie ndani ya foronya kubwa ya pamba au uukunjue juu ya kabati, na usiweke vitu juu yake. Viwavi vya nondo hula keratini, na huvutwa zaidi na nguo zenye jasho, kwa hiyo usafi wenyewe ni kinga.

Kuna wakati vinyoya vimekwisha kweli: umefua, umekausha, mizani imekubali, na kifua bado kimelala. Ukifungua mshono mdogo ukakuta vumbi na vipande vifupi badala ya vinyoya vyenye nyuzi, hayo hayatafura tena. Hata hapo jaketi lina dawa. Nunua mtumba mwingine wa bata ulioraruka kitambaa lakini wenye vinyoya vizima, uufue na kuukausha kwanza, halafu hamisha vinyoya kichumba kwa kichumba ndani ya chumba kisicho na upepo, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Pima gramu sawa kwa vichumba vilivyo sawa. Mshono wa kufunga mpe fundi wa cherehani, na umwombe atumie sindano nyembamba na uzi wa polyesta, apite mle mle kwenye matundu ya mshono wa zamani.